Mawe ya Msingi

Nilikuwa kwenye basi la wafanyakazi hapa Doha, tukienda zamu ya mchana, mdogo wangu aliponipigia video anionyeshe msingi wa nyumba ninayojenga Makueni.

"Simama hapo hapo!" nikamwambia.

Mawe matatu ya msingi yalikuwa na bonde laini katikati, lililochimbwa na miaka ya kusaga mtama. Kwetu mwanamke akizikwa, jiwe lake la kusagia huwekwa kichwani mwa kaburi. Hilo la mama, lile la nyanya, lile la mama yake nyanya.

"Lakini Mumbua, si ni wewe ulisema tusinunue mawe, tuokote ya shambani?"

"Na makaburi?"

Akageuza simu polepole. Trekta lilikuwa limelima kote.

"Yalikuwa wapi?" akaniuliza.