Kocha wa Makipa

Jana chuo kilitangaza kocha mkuu mpya: Chande. Mwalimu Mbaruku, kocha msaidizi aliyeingojea nafasi hiyo miaka kumi na minane, ndiye aliyemfundisha Chande kudaka.

Asubuhi Chande alimkuta uwanjani, amemfunga kipa mpya kitambaa machoni, anadundisha mpira ili kipa ajue kwa kusikia tu unatokea upande gani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Hongera.”

“Nafasi hii ilikuwa yako, mwalimu. Lakini ukiondoka, nani atanilelea makipa?”

“Nimesema naondoka? Wewe ulikuwa unaruka kushoto hata mpira ukienda sokoni, na nilikuvumilia.”

Chande alicheka. “Kwa hiyo utabaki?”

Mbaruku alijipekua moyoni akitafuta hasira, au hata wivu kidogo, asikute kitu. Palikuwa na ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa.

“Nitabaki, kocha,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na neno halikumuuma.

Chande akapuliza filimbi kuwaita wachezaji wapange mstari. Kipa alivua kitambaa akatimua mbio. Mbaruku naye akashtukia anakimbia, kisha yumo mstarini katikati ya vijana, mpira kwapani.