Tausi, Mchwa na Lalamiko la Nyigu

Mtandao ulipofika porini, Mchwa alikuwa anauza udongo uliokandwa. Wateja wake walikuwa mafundi tu, wale wanaojenga viota vya kupangisha. Biashara ilipodorora, akamwajiri Tausi amtangazie.

Tausi akapanda juu ya fungu la udongo, akacheza, akajirekodi, akarusha video. Vipepeo wakamwaga mioyo, nyani wakasambaza, vyura wakaulizia jina la wimbo. Fundi hata mmoja hakuja.

"Tulia, bosi," Tausi alisema. "Tunavuma!"

"Kipepeo ana haja gani na udongo?"

Mara fundi Nyigu akaandika chini ya video, mbele ya kadamnasi: "Udongo wenu umenipasukia ukutani!"

Tausi akaruka. "Namfuta! Anatuharibia jina!"

"Mwache, nimjibu." Mchwa akaandika: "Pole, fundi. Ukuta wako unapigwa na jua?"

"Kutwa nzima."

"Basi nilikupa udongo wa kivulini bila kukuuliza. Kosa langu. Naja leo na wa juani, tukandike pamoja."

Akaenda kweli. Jioni Nyigu akaweka pale pale picha ya ukuta uliotulia.

Kulipokucha, Mbayuwayu na mafundi wenzake walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwa Mchwa, kila mmoja akieleza ukuta wake umeelekea wapi.

Tausi akatanua mkia. "Si nilisema? Dansi imewaleta!"

Mbayuwayu akashangaa. "Kumbe kulikuwa na dansi? Sisi tulikuwa tunafuatilia ule ugomvi."