Godoro Lililozunguka Mji

Tuseme mapema, tusije tukazungushana: mjinga wa siku ile alikuwa seremala. Mtu mzima, mvi zimeshaanza kumpigia hodi kidevuni, anazunguka mji mchana kweupe na godoro la mwanafunzi nyuma ya pikapu ya kuazima, na mwanafunzi mwenyewe hajulikani alipo.

Mji ule ni mdogo. Ukipiga chafya stendi, sokoni wanakupa pole. Kila alipopunguza mwendo, mtu alimuuliza anahamia wapi.

Chanzo ni muuza nyama. Huku akipasua mifupa, alimwambia kwa sauti ya kusikika na foleni nzima kwamba jana kamwona "yule wako wa chuo" ukumbini, anacheza mpaka vumbi linaomba radhi. Seremala aliondoka bila nyama.

Na si kwamba hakujiandaa. Chumba cha uani alikipaka rangi kwa mkono wake, akachonga meza ya mninga, akafunga na taa ya kusomea. Muhula mzima chumba kinanuka vanishi peke yake, mwanafunzi yuko bwenini, kitanda cha chini, na wenzake watatu. Kila akiombwa ahamie, jibu lilikuwa moja: baada ya mitihani. Mitihani ikapita. Mke wa seremala alishauri aachwe, mtu si mbuzi wa kufungwa kamba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mlinzi wa bweni la wanawake alimzuia getini. Mwanamume mwisho kwenye benchi. Binti mmoja wa chumba kile alishuka, akampa shikamoo yake, na seremala akamwambia kwa uso mkavu kwamba mambo yote yameshaafikiwa nyumbani. Binti akaduwaa. Aliliburuta godoro hadi getini, akarudia sanduku, akinung'unika kwamba sasa wanaachwa yatima, maana huyo ndiye anayewaamsha asubuhi na ndiye anayewachekesha wakikwama na vitabu.

"Kapteni yuko uwanjani," alisema. "Wana mazoezi."

"Na goti lile?"

"Anafunga bandeji, anaendelea."

Seremala nusura apasuke. Daktari alishasema ni marufuku kurukaruka.

Uwanjani alikuta wavu unakunjwa. Wametoka sasa hivi, aliambiwa, wameenda ziwani kupiga makasia. Ziwani alikuta mitumbwi imefungwa, maji yanadondoka kwenye makasia, na kijana mmoja anakamua fulana. Ah, wamepanda juu ukumbini, leo wanashindana ngoma na chuo cha ualimu. Akiwa njiani kupanda, godoro liliteleza likalala katikati ya barabara kama ng'ombe mkaidi. Aliposhuka kulifuata, pikapu ikazima. Akasukuma mwenyewe, jasho likimwingia machoni, na wapita njia wakimpa pole ya kuhama.

Alipofika ukumbini hakuwa na subira hata ya kujazia kijiko. Alijipenyeza hadi katikati ya duara, akainua mkono, ngoma zikakatika.

Kwa hasira alisahau hata salamu. Mbele ya chuo kizima alimwaga yote: meza, taa, goti, muuza nyama. Kwamba watu wanasema. Kwamba mtu kaja mjini kusoma, hakuja kutikisa kiuno na watoto wa watu. Kwamba yeye halali akiwaza huko bwenini kunaliwa nini na kunafanyika nini. Kwamba kwake geti hufungwa jua likizama, na kuanzia leo mambo yatakuwa hivyo. Mpiga ngoma mmoja alijaribu kupenyeza neno kwamba kwa alama Kapteni anawashinda wote pale, akaambiwa hayamhusu.

"Gari liko nje," seremala alimaliza, sauti imemkauka. "Godoro limeshapakiwa. Twende."

Kapteni alikuwa ameinama, anakaza kamba za raba. Hakuharakisha. Alipomaliza alinyoosha mgongo taratibu, akamtazama.

"Mwanangu, mara ya kwanza niliacha shule kwa sababu wewe ulikuwa tumboni. Hii ya pili naisoma yote, na ngoma zake."