Shamba la Mfano

Somoe aliuchanja mti wa mpira mbele ya mtafiti na wageni aliowaleta. Gome lilikuwa kavu kama kuni, halikutoa hata tone la utomvu.

"Dawa uliyosema tuipake ili utomvu utoke mwingi imeukausha mti," alimwambia mtafiti. "Shamba zima liko hivi."

"Mama, hili lilikuwa shamba la majaribio."

"Kibao ulichopigilia pale njiani kinasema shamba la mfano. Majirani wote wameniiga."

Mtafiti akaanza kueleza kwamba hata matokeo hayo yana faida kwa utafiti. Somoe akachukua kifuu cha kukingia utomvu, akamtia mkononi.

"Kinga."

"Mama..."

"Nimesema kinga."

Mtafiti akainama, akakishika chini ya chale. Dereva wake akapiga honi. Njiani majirani walishaanza kuja, kila mmoja na kifuu chake.