Mashine Zisizokumbuka

Umeme ulikatika saa nne kasorobo, na Mama Kavugho akapiga meza kwa kiganja.

"Papa Alphonse! Mafamiye ishirini na moja nilishaandika asubui hii. Courant inakatika, byote binapotea. Tena!"

Alphonse hakuinua kichwa. Malalamiko hayo aliyasikia kila siku, na kila siku yalimkera upya.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya depo ya Muhindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, huko Kivu. Tangu machafuko yaanze Lubumbashi, watu waliotoka Kivu walikuwa wakiwindwa mtaa kwa mtaa, wakiitwa wapelelezi. Muhindo aliwaficha katika nyumba za marafiki, kutoka Katuba hadi Luano. Ofisi ndiyo iliyojua kila familia iko wapi, nani hajapata unga, mtoto wa nani anaumwa.

Kompyuta sita za ofisi hazikuwa na diski. Zikiwashwa, zilivuta kila kitu kupitia waya kutoka seva moja iliyokaa pembeni. Ugomvi ulikuwa huu: mzizi wa kila kompyuta, pale panapokaa mfumo wake na kazi yake yote, uhifadhiwe wapi? Kwenye diski ya seva, kinachoandikwa kinabaki. Kwenye memori ya seva, kinakufa pamoja na umeme. Alphonse alichagua memori. Kila jioni alinakili majina kwenye flashi, akaificha ndani ya soksi, akazima vyote.

"Weka kwenye diski," Kavugho akasema. "Ni kazi ya dakika kumi. Minachoka."

"Na siku batakuja kubeba seva?"

"Nani atakuja juu ya mashine ya zamani vile?"

"Mama, karatasi moja ya majina ilianguka mu njia, na banachoma nyumba tatu. Karatasi moja tu!"

"Na ile famiye yenye jina ilipotea na courant, yenye ilikaa siku tatu bila unga? Ile haiko bantu?"

Ilikuwa Ijumaa. Jioni Alphonse alitoka akibamiza mlango, bila kuaga.

Jumatatu kompyuta zilichelewa kidogo kuwaka, akalaumu nyaya. Mchana umeme ukakatika. Alikaza mabega akisubiri kile kiganja mezani. Kavugho alikunywa chai yake tu, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Umeme uliporudi, akaendelea kuandika.

Hatimaye ameelewa, Alphonse akajiambia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kifua kilimlegea.

Jumatano, saa tano asubuhi, watu watano wenye bunduki waliingia.

"Liste iko wapi?"

Alphonse alitikisa kichwa. Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, wakaing'oa seva na nyaya zake zote, wakaitupa ndani ya gari lao. Viatu vyake, na soksi iliyoficha flashi, hakuna aliyevigusa.

Gari lilipotokomea, alitema damu, kisha akacheka, akashindwa kujizuia. Wiki zote zile za kutukanwa, za kuitwa mkaidi na mvivu, na leo watu wale wamebeba sanduku tupu!

Kavugho alikuwa ameketi sakafuni, ncha ya kitenge mdomoni, akilia. Alphonse akachuchumaa mbele yake.

"Usilie, mama. Banabeba chuma tu. Pale banang'oa waya, majina yote inakufa."

Kavugho akatoa kitenge mdomoni.

"Papa Alphonse," akasema, "samedi, kesho ya ile siku ulibamiza mlango, niliita fundi wa kule Kasapa. Aliweka byote kwenye diski. Tangu siku ile, hakuna hata jina moja yenye inapotea."