Mgeni Ukurasani

Mshonaji alikuwa ameondoa mikono yake kwenye kompyuta, lakini ukurasa ulikuwa bado unaandikwa.

"Usifute." Neno hilo lilitokea herufi moja moja, chini ya aya aliyokuwa ameanza kuifuta. Kando yake kijistari chekundu kilikuwa kinapepesa, na juu ya kijistari paliandikwa jina: Mgeni.

Aligeuka kuangalia nyuma. Ofisi ilikuwa na viti viwili, kabati, na feni inayozunguka kwa uvivu. Wakili alikuwa ameenda mahakamani kufungua jalada, akamwachia kazi moja tu. "Malizia maelezo yako, mdogo wangu," alimwambia. "Mchana tunayapeleka. Hakimu akikubali, huyo mwanamume hatakusogelea tena, wewe wala mtoto."

Maelezo yenyewe yalikuwa kwenye tovuti ya ofisi. Fundi wa tovuti, kijana mwenye maneno mengi kuliko redio, alikuwa amechukua programu ya kuandikia ya watu wengine akaipachika humo ndani, kama yeye mshonaji anavyopachika mfuko kwenye gauni. Mteja aandike kwake, wakili asome kwake, ukurasa mmoja. Alikuwa ameuanza jana na aliandika yote: vipigo, kunyang'anywa simu, kufungiwa ndani kila mume anapotoka, na asubuhi moja ya mwaka jana alipotoroka na binti yake kwa mlango wa jikoni. Na juu kabisa, kwa kuwa paliulizwa, aliandika mtaa anaoishi sasa.

Mtaa. Alipanda hadi juu ya ukurasa, akaufuta mstari ule.

"Nimesoma yote," Mgeni akaandika. "Tangu jana."

Alimpigia fundi.

"Dada, tulia," fundi alicheka. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Huyo ni wakili, anachungulia kwa simu yake."

"Wakili anaonekana kwa jina lake. Huyu ameandikwa Mgeni."

Kicheko kilikatika. Akasikika akibonyezabonyeza.

"Lo. Hapa nimekosea mimi. Wakati wa majaribio niliacha wazi, kila mwenye kiungo aingie bila neno la siri, halafu nikasahau kurudisha. Na kiungo kinatumwa kwenye barua pepe yako. Kuna mtu mwingine anayeiona?"

Hapo ndipo alipoikumbuka tableti yake. Aliiacha kwenye nyumba ile, chini ya rundo la vitambaa, alikokuwa akiificha. Ukiiwasha tu, barua pepe yake inafunguka yenyewe. Siku ya kukimbia mtu huokoa roho, hahesabu vyombo.

"Yupo. Mume wangu," alisema.

Kwa hiyo ameipata. Ameusoma mtaa tangu jana, na binti yuko shuleni, mtaa huohuo, akicheza na wenzake bila habari. Alitaka kuinuka akimbie akamchukue. Lakini kwanza huyu atolewe.

"Mtoe," alimwambia fundi. "Mtoe sasa hivi."

"Namtoa. Nipe dakika niingie kwenye mtambo. Nikishabadilisha, anatupwa nje na kiungo chake kinakufa. Wewe usiufunge ukurasa, uniambie kama bado yupo."

Akaiweka simu mezani, spika ikiwa wazi. Kijistari chekundu kilikuwa kimeifikia aya ya mlango wa jikoni, ile aliyoanza kuifuta ikabaki nusu. Kilisimama hapo kwa muda, kama mtu anayesoma mara ya pili. Kisha kikaandika:

"Mlango huu umezibwa kwa matofali."

Alimjua mumewe. Ndivyo alivyokuwa: hagombi, hapazi sauti, anakujulisha tu kwamba pale ulipopategemea hapapo tena.

Kijistari kikapotea ghafla. Akashusha pumzi. Kabla pumzi haijaisha, kikarudi. Kikaandika neno, kikalifuta, kikaandika jingine, kikalifuta nalo. Anamchezea kama paka na panya, alifikiri, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Bado yupo, dada?"

"Yupo. Fanya haraka, ndugu yangu, nakuomba."

"Nakaribia."

Alijifuta macho kwa kiganja. Chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine kidogo, na kilikuwa hasira. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumuuliza mtu yule swali hata moja, maana swali lilikuwa na bei yake. Leo kati yao kuna kioo na safari ya siku nzima. Akasogeza kiti, akaandika:

"Unataka nini kwangu?"

Kijistari kilishuka hadi chini ya swali. Halafu maneno yakaja mbio, na safari hii Mgeni hakufuta hata herufi moja.

"Dada, si yeye. Mimi ndiye mke aliyemuoa baada yako. Yuko bafuni, atatoka sasa hivi. Mimi nitokee wapi?"

Kijistari chekundu kikazimika.

"Tayari, dada," fundi alisema kwenye simu, furaha imemjaa. "Nimemfungia. Huyo hatakusumbua tena."